Kuimarisha Vikalio vya Shokapu za Nyuma Unapofunga Koilova Kwenye BMW E36

Katika BMW E36, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1990, springi ya nyuma na shokapu ya nyuma hazikai pamoja. Springi imekaa peke yake juu ya mmoja wa mikono inayoshika gurudumu na kusukuma bakuli lililobonyezwa kwenye chasi. Shokapu kwa upande wake imefungwa chini kwenye mkono mrefu unaobeba kitovu cha gurudumu, na juu imeshikwa na nati mbili za M8 zinazoonekana ndani ya buti baada ya kuondoa zulia la pembeni. Kwa mpangilio huo uzito wa gari haupiti kwenye shokapu hata kidogo. Gari likiwa limesimama, mnara wa bati unaoshika shokapu haubebi kitu. Likiwa linatembea, mnara huo hubeba nguvu za kudhibiti mtikisiko tu, pamoja na pigo la mara mojamoja pale gurudumu linapopanda hadi raba ya kizuizi iliyo kwenye fito ya shokapu inapobanwa.

Ukifunga koilova halisi, yaani springi iliyovishwa juu ya shokapu yenyewe, mpangilio huo unavurugika wote. Bakuli la springi linabaki tupu, na uzito wote wa kona ya nyuma ya gari unahamia kwenye bati lililobonyezwa kwa kazi nyingine. Mwongozo huu unahusu namna ya kuliandaa bati hilo lipokee kazi mpya. Kanuni zake zinafaa pia kwa BMW za E30 na E46, ambazo nazo zimetenganisha springi na shokapu za nyuma, na hata kwa magari yasiyo ya Kijerumani kama Toyota Corolla AE86 na Ford Mustang za kati ya 1979 na 2004 zenye ekseli moja nzima ya nyuma, ingawa vipimo na umbo la mabamba vitatofautiana.

Hakikisha kwanza kwamba kazi hii inakuhusu

Seti nyingi zinazouzwa kwa jina la koilova za E36 ni koilova kwa mbele tu. Kwa nyuma zina shokapu ya kawaida na springi fupi inayokaa mahali pake pa zamani, ikiwa na kikombe cha kurekebishia kimo. Seti ya aina hiyo haihamishi mzigo. Inachohitaji ni mauntingi mpya, yaani kishikio cha juu cha shokapu chenye raba, na bamba dogo la kuimarisha, lile ambalo BMW yenyewe ililitumia kwenye E36 ya paa la kukunjwa na kwenye gari lake jingine, Z3, ambalo huwekwa ndani ya buti juu ya bati na kubanwa na nati zilezile mbili. Halihitaji kuchomelewa, bei yake ni ndogo, na kila mwenye E36 angefanya vyema kulifunga hata kama hana mpango wa kubadilisha chochote.

Tatizo huanza mtu anapofunga koilova halisi kwa nyuma, akaweka bamba hilo dogo, kisha akaamini kwamba ameshaimarisha. Ni vizuri kuelewa kwa nini haitoshi. Mauntingi ya shokapu hukaa chini ya bati, upande wa gurudumu, na skrubu zake mbili hupenya juu kuingia kwenye buti. Gurudumu linaposhuka shimoni, shokapu huivuta mauntingi kuelekea chini, na kinachozuia ni nati zilizo ndani ya buti, ambazo zikikosa bamba pana chini yake huzama kwenye bati na hatimaye kulipasua. Bamba la Z3 lipo upande huo wa nati, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kupambana na nguvu ya kuvuta chini. Springi ya koilova haivuti, inasukuma juu. Inasukuma saa zote, gari likiwa limeegeshwa au linakimbia, na inasukuma kutokea upande ambao bamba hilo halipo. Bati la juu ya mnara linapinda kidogo kuelekea ndani ya buti, linarudi, linapinda tena, na baada ya muda ufa hujitokeza kwa duara kuzunguka mauntingi au kufuata nukta za kuchomelea za kiwandani zinazounganisha mnara na tao la gurudumu.

Ndiyo maana kuongeza unene wa chuma kuzunguka matundu si suluhisho. Mzigo lazima upewe njia ya kutoka juu ya mnara hadi kwenye sehemu za bodi zilizo imara, ambazo ni reli ya chasi inayopita chini ya sakafu ya buti, kuta za tao la gurudumu, na ukuta ulio nyuma ya siti ya nyuma.

Kuna jambo moja la kusema kabla ya kushika grinda. Kwa gari la kutembelea kila siku kwenye barabara zenye mashimo na matuta yasiyo na alama, koilova halisi za nyuma hazina faida inayolingana na kazi yake. Springi iliyobaki mahali pake, pamoja na shokapu nzuri, itakupa gari linaloshika barabara bila kuugusa mnara. Koilova halisi zina maana kwa gari la mashindano, kwa sababu springi za kipenyo cha kawaida cha mashindano hupatikana kwa ugumu wa kila namna na hubadilishwa haraka.

Pima, kisha piga hesabu

Pima uzito wa kila kona ya gari kwa mizani ya magurudumu, dereva akiwa ndani na mafuta yakiwa nusu ya tangi. Baada ya hapo tafuta uwiano wa mwendo wa shokapu. Toa springi, inua gurudumu kwa jeki milimita 10 kwa wakati mmoja, na kila hatua andika shokapu imefupika kwa kiasi gani. Gurudumu likipanda milimita 10 na shokapu ikafupika milimita 9, uwiano ni 0.9. Pima vivyo hivyo mahali springi ya zamani ilipokaa. Utaona kwamba springi hufupika kwa kiasi kidogo kuliko shokapu, kwa kuwa imekaa karibu zaidi na bawaba za mkono.

Chukua mfano wa gari la kilo 1,400 lenye dereva, nusu ya uzito ikiwa nyuma. Kila kona ya nyuma inabeba kilo 350. Ukitoa takriban kilo 40 za gurudumu, breki na sehemu ya mikono ambazo hazibebwi na springi, zinabaki kilo 310, sawa na nyutoni 3,040 hivi. Kwa uwiano wa 0.9, nguvu inayofika juu ya mnara ni 3,040 kugawanya kwa 0.9, yaani karibu nyutoni 3,400, na hapo gari bado limesimama. Ukikanyaga shimo au kingo za njia ya mashindano kwa kishindo cha mara tatu ya uzito, mnara utapokea nyutoni zaidi ya 10,000, ambazo ni sawa na uzito wa tani moja nzima juu ya bati lenye unene wa milimita moja hivi.

Hesabu hiyohiyo inatumika kuchagua springi, na hapa wengi hukosea. Ugumu unaohisiwa kwenye gurudumu ni ugumu wa springi mara uwiano mara uwiano. Springi ya nyutoni 100 kwa milimita iliyokaa mahali penye uwiano wa 0.7 inatoa nyutoni 49 kwa milimita kwenye gurudumu. Ukiichukua springi ya ugumu huohuo ukaivisha kwenye shokapu yenye uwiano wa 0.9, utapata nyutoni 81, ongezeko la takriban asilimia 65. Gari litakuwa gumu mno kwa nyuma, litateleza kwenye kona, na mnara utapigwa zaidi. Kupata zile nyutoni 49 za awali kwenye koilova, springi ya nyutoni 60 kwa milimita inatosha. Usinunue springi kabla ya kupata namba hizi.

Kuvua

Egesha gari mahali palipo sawa, liinue na uliweke juu ya stendi nne imara zilizowekwa chini ya reli za chasi, bodi isiwe imejipinda. Toa magurudumu ya nyuma, springi, shokapu, siti ya nyuma, zulia la buti na vifuniko vya pembeni. Nyaya zote zinazopita karibu na minara zivutwe mbali. Tenganisha vituo vyote viwili vya betri. Kwenye E36 nyingi za silinda sita betri yenyewe imo ndani ya buti upande wa kulia, hivyo itolewe kabisa. Tenganisha pia plagi ya alteneta na za kompyuta ya injini.

Upande wa kulia unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu bomba la kujazia mafuta linapita ndani ya tao la gurudumu la kulia, karibu mno na mahali utakapochomelea. Kulifunika kwa gunia lililoloweshwa hakutoshi. Toa mafuta yote kwenye tangi, toa bomba hilo, na tangi, ambalo liko chini ya siti ya nyuma, liondolewe au angalau matundu yake yote yazibwe kwa vizibo visivyopitisha mvuke. Mitungi miwili ya kuzimia moto iwe karibu, na mtu wa pili asimame upande usiouona wewe. Akitazama ndani ya buti unapochomelea kutokea tao la gurudumu, yeye ndiye atakayeona rangi au kizuia sauti kikishika moto. Baada ya kuzima mashine, asiondoke kwa nusu saa.

Kisha safisha. Ndani ya buti na ndani ya tao la gurudumu kuna rangi, silanti ya viungo, mipako mizito ya kuzuia mawe na, kwenye gari la umri huu, matope yaliyogandamana. Vyote vitoke kwa brashi ya waya na kikwaruzo hadi chuma king'ae, angalau sentimita 5 kupita mahali bamba litakapoishia. Usitumie diski ngumu ya grinda kusafishia, maana inakula bati ambalo tayari ni jembamba. Baadhi ya mabati yana zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi unaoumiza. Vaa barakoa ya kuchujia moshi wa kuchomelea na ufungue milango yote.

Kutafuta na kutengeneza kilichoharibika

Bati likishang'aa, pulizia rangi ya kupenyeza nyufa, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, futa, kisha pulizia kionyeshi chake cheupe. Nyufa zitajitokeza kama nyuzi nyekundu. Tazama zaidi kuzunguka matundu mawili ya skrubu, kwenye duara ambalo mauntingi hugusa bati, na kwenye kila nukta ya kiwandani inayounganisha mnara na tao. Gari lililotembea na mauntingi iliyokatika raba, lile linalogonga kwa nyuma kila likipita tuta, mara nyingi utakuta matundu yake yameshatanuka kuwa na umbo la yai.

Kila ufa upate tundu la milimita 3 kwenye ncha yake, ili usiendelee kutambaa, kisha uchomelewe na kusawazishwa. Bati lililopinda lirudishwe kwa nyundo na kibao cha chuma hadi liwe bapa, kwa sababu bamba litakalolazwa juu ya bati lenye mawimbi litabeba mzigo kwenye vilele vichache tu. Bati lililooza kwa kutu likatwe lote na kuwekwa jipya la unene uleule. Kulifunika kwa bamba la kuimarisha ni kuficha maradhi, na kutu itaendelea kula katikati ya chuma hizo mbili mahali ambapo hakuna atakayeiona.

Kukata na kukunja mabamba

Kila mnara utapata mabamba mawili, moja la chini na moja la juu, yote ya chuma laini cha kawaida. Chuma kigumu cha aloi hakihitajiki na kinasumbua kuchomelea.

Bamba la chini, lile linalotazama gurudumu, ndilo muhimu kuliko lote, kwa sababu ndilo litakalosukumwa na springi. Lenye unene wa milimita 3, litengenezwe kama kofia: sehemu ya bapa inayofunika uso wote wa chini wa mnara, na vipande vinavyokunjwa kushuka kwenye kuta zake milimita 60 hadi 80. Ukiishia kwenye uso wa bapa peke yake, utakuwa umehamisha tu mahali ufa utakapotokea, kutoka ukingo wa mauntingi hadi ukingo wa bamba. Kabla ya kukata chuma, kata boksi la karatasi ngumu, lipangilie mahali pake, likunje, lipunguze, hadi likae bila nafasi. Kisha hamishia umbo kwenye chuma. Minara miwili haifanani kabisa kwa sababu ya bomba la mafuta, kwa hiyo chora kila upande peke yake.

Bamba la juu, la ndani ya buti, liwe la milimita 2, nalo lina kazi ya kupeleka mzigo mbali. Lifunike kichwa cha mnara, kisha litoe miguu miwili: mmoja unaoteremka kwenye tao la gurudumu hadi kufika kwenye sakafu ya buti juu ya reli ya chasi, na mwingine unaokwenda mbele kushika ukuta wa nyuma ya siti. Kila mguu ukunjwe ukingo wa milimita 10 hadi 15 upande mmoja, maana mguu bapa wa milimita 2 ukisukumwa kwa urefu wake hupinda kirahisi, lakini wenye ukingo husimama. Mwisho wa mguu upanuke ufanane na kiganja kilichofunguliwa, ili nguvu isiingie kwenye sakafu kupitia mstari mmoja.

Pembe zote za mabamba ziviringwe, na kingo ndefu zikatwe kwa mpindo badala ya mstari ulionyooka. Toboa matundu ya milimita 8 kila baada ya milimita 40 hivi katika eneo lote la bamba, yatakayojazwa kwa kuchomelea ili bamba lishikane na bati katikati na kwenye kingo pia. Watu hupenda kutumia bamba nene la milimita 5 au 6 wakidhani ndiyo usalama. Bamba hilo halipindi kabisa, ilhali bati linalolizunguka linapinda, na mpaka kati ya kinachopinda na kisichopinda ndipo chuma kinapochoka na kukatika.

Angalia pia urefu wa skrubu za mauntingi. Bamba la milimita 3 chini, bati la milimita 1 na bamba la milimita 2 juu ni milimita 6 kabla ya washa na nati. Nati ikishafungwa, angalau nyuzi mbili za skrubu lazima zitokeze juu yake. Zisipotokeza, badilisha skrubu ziwe ndefu zaidi za daraja la uimara la 10.9, au tumia mauntingi ya mashindano iliyokuja na skrubu ndefu. Nati za kujifunga zenye pete ya plastiki zitumike mara moja tu.

Kuchomelea

Kazi hii ni ya mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe ukikingwa na gesi. Mashine ya vijiti, ambayo ndiyo inayopatikana kwenye gereji nyingi za kando ya barabara kwa kuwa inafaa kwa mageti na madirisha, itatoboa bati la milimita 1 kabla hujahesabu hadi tatu. Mtungi wa gesi ya oksijeni na asetilini nao hupasha eneo kubwa kupita kiasi na kulilainisha. Tumia waya wa milimita 0.6 au 0.8 na mchanganyiko wa argoni asilimia 80 na kaboni dioksidi asilimia 20. Kaboni dioksidi tupu inawezekana, ila inarusha cheche nyingi na joto lake ni kali zaidi kwa bati jembamba.

Kabla ya kugusa gari, jaribu kwenye vipande vya unene uleule, milimita 3 juu ya milimita 1, kisha vifunge kwenye vaisi na ujaribu kuvitenganisha kwa patasi na nyundo. Weld nzuri itang'oa kipande cha bati. Mbaya itabanduka na kuacha uso laini. Elekeza moto kwenye bamba nene na uache chuma kilichoyeyuka kielee hadi kwenye bati, kwa maana ukielekeza kwenye bati litatoboka huku bamba likiwa bado baridi.

Kabla ya kuanza, pima umbali kati ya matundu ya mnara wa kulia na wa kushoto, na kutoka kila mnara hadi nukta mbili za kudumu kwenye sakafu. Andika. Funga mauntingi za zamani mahali pake kama vishikizo vya kulinganisha matundu, na paka praima ya zinki inayoruhusu kuchomelewa kwenye nyuso mbili zitakazofunikana. Klampu ya athi iwe sentimita chache kutoka unapochomelea. Ukiifunga kwenye difu au kwenye mkono, umeme utapita kwenye beringi na kuzitoboa vijitundu ambavyo baadaye vitalia.

Shika bamba kwa nukta chache kwanza, kagua kwamba limelala bila nafasi, kisha jaza matundu ya milimita 8 ukianzia katikati kwenda nje. Mwisho chomelea kingo kwa vipande vya milimita 20 hadi 25, ukiruka kutoka upande mmoja wa bamba kwenda mwingine, na ukihama mnara mmoja kwenda wa pili ili wa kwanza upoe. Usiumwagie maji. Kingo zisichomelewe mfululizo bila kuacha nafasi. Mstari mmoja mrefu wa weld huvuta bati na kulifanya gumu kandokando yake. Pima tena umbali ulioandika. Tofauti ya milimita 1 inavumilika, lakini ikifika 3 jua kwamba umepasha kwa pupa.

Kwa gari lenye fremu ya usalama ya mabomba, miguu yake ya nyuma iteremkie juu ya minara hii, kwenye mabamba mapana yaliyochomelewa juu ya bamba la buti. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, kwani mzigo unapanda kwenye bomba na kusambaa gari zima. Fito moja inayounganisha minara miwili kwa bolti, ile inayong'aa na kupendwa kwenye picha, inazuia minara isisogeleane au kuachana. Dhidi ya nguvu inayosukuma juu haina msaada wowote, kwa hiyo isihesabiwe kuwa ni uimarishaji.

Usisahau ncha ya chini

Springi inayosukuma mnara juu inasukuma bolti ya chini ya shokapu kwa nguvu ileile. Kwenye E36 bolti hiyo imeshikwa upande mmoja tu, ikiwa imejikita kwenye mkono mrefu huku jicho la shokapu likining'inia nje. Kwa nguvu za shokapu pekee hiyo ilitosha. Kwa uzito wa gari, bolti inapindwa kila sekunde, na mkono wenyewe unasokotwa mahali usipokusudiwa.

Tengeneza au nunua kishikio chenye masikio mawili, cha bamba la milimita 5, kinachoshika bolti pande zote mbili za jicho. Kichomelewe kwenye mkono uliotolewa garini, bushi zake zikiwa zimevuliwa ili zisiungue, na mkono upimwe kabla na baada kuhakikisha haujapinda. Bolti iwe ya daraja la 10.9, na sehemu yake laini isiyo na nyuzi ndiyo ipite kwenye jicho na masikio. Uimarishaji wa mnara uliofanywa vizuri juu ya bolti ya chini iliyoachwa ilivyokuwa ni kazi nusu, na nusu iliyobaki itavunjika kwenye kona ya kasi.

Kinga dhidi ya kutu

Safisha masizi, paka praima ya epoksi tabaka mbili, ziba kila ukingo wa bamba kwa silanti ya viungo, kisha paka mipako ya kuzuia mawe upande wa gurudumu. Ndani ya uwazi uliobaki kati ya mnara na tao, pulizia nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya asili ya bodi baada ya rangi kukauka. Karibu na bahari, kama Mombasa, Tanga au Unguja, usiliache chuma tupu hata usiku mmoja.

Kufunga koilova

Funga kwanza shokapu bila springi. Pandisha na ushushe gurudumu kwa jeki kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu, ukitazama kama mwili wa shokapu unagusa bamba, mkono, tairi au rimu, na kama mauntingi ya juu inaruhusu shokapu kuinama bila kujibana. Springi ya mashindano ina kipenyo kikubwa kuliko shokapu tupu, kwa hiyo acha angalau milimita 8 kati yake na tairi. Raba ya kizuizi iguswe kabla springi haijabanana koili kwa koili na kabla shokapu haijafika mwisho wake wa ndani. Bila hivyo, bamba zuri kuliko yote halitaokoa mnara. Gurudumu likining'inia, springi isilegee na kuchezacheza. Ikilegea, ongeza springi ndogo saidizi.

Mauntingi yenye beringi ya tufe inafaa kwa mashindano. Kwa gari linalotumika barabarani pia, chagua ya raba ngumu au polyurethane, kwa sababu beringi hupeleka kila pigo moja kwa moja kwenye weld zako na kila sauti kwenye masikio ya abiria.

Nati mbili za juu zikazwe kwa spana ya toki hadi Nm (nyutoni mita) 24, thamani ya kiwandani kwa M8 hizo, isipokuwa mtengenezaji wa mauntingi yako ametoa nyingine. Bolti ya chini ifuate kitabu cha gari au maelekezo ya kishikio kipya, na ikiwa jicho lina bushi ya raba, ikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ili raba isikae imejisokota. Rekebisha kimo, pima kona kwa mizani tena, kisha peleka gari kwenye alaimenti.

Ukaguzi

Chora mstari wa rangi nyeupe unaopita kwenye kila nati na bamba lake. Baada ya kilomita 100 za mwendo wa taratibu, fungua zulia la buti utazame kama mistari bado imenyooka, kisha ukaze tena kwa spana ya toki. Rudia baada ya kilomita 1,000, na kwa gari la mashindano baada ya kila shindano. Dalili ya kwanza ya tatizo kwa kawaida haiwi sauti. Ni silanti iliyochanika kwa mstari mwembamba kando ya bamba, au rangi iliyopasuka kwenye ncha ya mguu juu ya sakafu ya buti. Ukiiona, kwangua hapo hadi chuma, pulizia tena rangi ya kupenyeza nyufa, na usiliendeshe gari hadi ujue ufa unaishia wapi.